Mistari Minne

Hii ni fomu ya tatu, Bwana Likwembe,
na bado imeniachia mistari minne:
"Eleza kwa ufupi jinsi ajali ilivyotokea."
Ufupi sikuzaliwa nao.

Ilikuwa Mangaka, mwezi wa saba, saa kumi na moja alfajiri,
pale barabara ya Mtambaswala inapoingilia.
Kirikuu changu kimesimama. Andika hivyo, kimesimama,
taa zinawaka, nyuma magunia sita ya ufuta,
mimi nje nachagua maandazi.
Fuso likarudi nyuma
polepole, kwa adabu,
kama mtu anayeondoka mbele ya wakwe,
likaniingia ubavuni.
Mlango ukakunjika. Magunia mawili yakapasuka.

"Dereva: raia / mgeni. Weka alama."
Namba za gari ni za Msumbiji, basi mgeni.
Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone.
Mgeni kaja.
Mlango wa mwenyeji mpaka leo naufunga kwa kamba.

Alishuka na Kireno chake,
trafiki akaja na Kiswahili chake,
tukasimama kama redio tatu zimefunguliwa chumba kimoja.
Kisha akautazama ufuta kwenye lami
akanong'ona peke yake, kwa Kimakua,
neno lile lile la bibi yangu unga ukimwagika.
Nikamjibu kabla sijakumbuka kukasirika.
Alivua shati, akalitandika chini,
tukazoa kwa viganja hadi jua likatoka.
Mchanga tulizoa pia. Hilo halina sehemu yake kwenye fomu.

Mistari imekwisha. Nageuza karatasi.

Bima alikuwa nayo. Aliikata mpakani, akalipa taslimu,
na kijana wa pale akamuuliza jina, akasikia,
akaandika alivyosikia: Hamisi Saidi.
Pasipoti inasema Amisse Saíde.
Ofisi ya Mtwara ikanijibu kwa muhuri
kwamba mwenye bima siye aliyegonga
na aliyegonga hana bima.

Haya, watu wawili.
Mmoja alilipa, hakugonga.
Mwingine aligonga, hakulipa.
Na mlango wangu umekunjwa
na ule upenyo ulio kati ya Hamisi na Amisse,
mahali pasipopita hata pumzi.

Nauli ya Masasi mara saba. Risiti hizi hapa,
moja imelowa chai, samahani.
Ya Mtwara mara mbili, nikalala kwa shemeji Chikongola,
nikaambiwa mhusika yuko semina.

Nikampigia simu ng'ambo ya mto.
Akaja Jumanne, kwa nauli yake, kuapa
kwamba yeye ndiye yeye.
Hakimu akaomba mkalimani.
Karani akatazama dari. Askari akatazama viatu.
Nikanyoosha mkono.
"Wewe si ndiye mdai?"
"Ndimi, mheshimiwa."
"Unamdai huyu?"
"Namdai mlango. Maneno yake nitamtolea bure."

Sasa unaniambia kiapo kimekubaliwa
ila kuna uchakavu, asilimia thelathini,
kwa sababu gari lilikuwa kuukuu kabla hajaligonga.
Kweli lilikuwa kuukuu. Lakini lilikuwa likifunga.
Na ufuta, unasema, haumo.
Mzigo ni habari nyingine, fomu nyingine.

Imebaki sehemu moja, chini kabisa, herufi za sisimizi:
"Je, una undugu na dereva wa upande wa pili?"

Bibi yangu alivuka Ruvuma mgongoni mwa mama yake
mwaka ambao hakuna aliyeuandika.
Hakukatiwa bima. Jina lake hakuulizwa na mtu.
Waliobaki ng'ambo walibaki na majina yao,
na huyu ananiita dada, na kila Ijumaa
ananitumia ujumbe kuulizia mlango.

Andika hapana, Bwana Likwembe.
Ukiandika ndiyo, hamtanilipa.